Mazungumzo: Skuli Ndogo ya Kisiwani na Hesabu ya Wanafunzi Wake

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa visiwani.

Kila mwaka skuli zifunguliwapo, mwalimu mkuu hujaza fomu. Fomu hiyo huuliza mambo machache: wavulana ni wangapi, wasichana ni wangapi, wana umri gani, wametoka wapi, waliohama ni wangapi na walioacha masomo ni wangapi. Ikishajazwa hupelekwa wilayani, na mwishowe hufika wizarani, ambako huunganishwa na nyingine nyingi ili zitoe jumla moja. Aghalabu mtu asiyehusika huiona kuwa ni karatasi miongoni mwa karatasi. Katika skuli yenye wanafunzi elfu moja, kupungua watoto kumi hakutambulikani hata na walimu wenyewe. Lakini katika skuli ya watoto themanini, watoto kumi wakiondoka pengo huonekana kwenye madawati, mwalimu mmoja huenda akahamishwa, na pengine somo moja zima likafutwa katika ratiba.

Mintarafu ya jambo hilo, mazungumzo haya yanahusu skuli moja ndogo ya umma iliyoko kisiwani, mbali na bahari yetu, ambayo hesabu ya wanafunzi wake ilishuka mpaka ikakaribia kufungwa. Skuli hiyo ni Skuli ya Sekondari ya Juu ya Oki Dozen, katika mkoa wa Shimane nchini Japani. Kisa chake kinastahili kujulikana na kila mtumishi anayeshughulika na takwimu za elimu, na kila mzazi anayeishi mahali ambapo mtoto hulazimika kupanda chombo ili aendelee kusoma.

Visiwa vya Oki vimo katika bahari iliyo baina ya Japani na Korea, takriban kilomita 60 kutoka ufuo wa kisiwa kikuu cha Japani. Upande mmoja kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Dogo. Upande wa pili kuna kundi la visiwa vidogo vitatu vinavyokaliwa na watu, nalo huitwa Dozen: Nishinoshima, Nakanoshima na Chiburi. Meli ya abiria huchukua saa mbili au tatu kuvifikia, na bahari ikichafuka wakati wa kipusi haiendi kabisa. Hapo zamani visiwa hivi vilikuwa mahali pa kuhamishiwa watu waliokosana na watawala. Mfalme Go-Toba, aliyekuwa pia mshairi, alipelekwa Nakanoshima mwaka 1221 baada ya kushindwa vitani, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1239. Wenyeji wa mji wa Ama, ulioko kisiwani humo, hata leo huikumbuka habari hiyo kwa taadhima.

Watu wa Dozen ni wavuvi, wakulima wa mpunga na wafugaji wa ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji wa Ama peke yake ulikuwa na watu wapatao 7,000. Vijana wakaanza kwenda mijini kutafuta kazi viwandani, na wengi hawakurudi. Kufikia miaka ya 2000 waliobaki Ama walikuwa chini ya 2,600, na sehemu kubwa yao ni wazee. Visiwa vyote vitatu kwa pamoja vina watu takriban 6,000, na skuli ya sekondari ya juu ni hiyo moja tu.

Yafaa hapa kueleza utaratibu wa elimu wa nchi hiyo. Mtoto husoma skuli ya msingi miaka sita na sekondari ya chini miaka mitatu, na hiyo miaka tisa ni ya lazima kisheria. Afikapo umri wa miaka 15 hufanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, nayo ni miaka mitatu. Ingawa hatua hii si ya lazima, takriban watoto wote wa Japani huipitia, na asiyeipitia hupata taabu kuajiriwa. Skuli za msingi na za sekondari ya chini huwa mikononi mwa miji na vijiji. Sekondari ya juu za umma huwa mikononi mwa mkoa. Jambo hili la mwisho litazingatiwe, kwani ndilo lililozaa ugumu mkubwa katika kisa hiki.

Mwaka 1997 skuli ya Oki Dozen ilipokea wanafunzi wapya 77. Mwaka 2008 ilipokea 28. Kwa madarasa yote matatu, skuli nzima mwaka huo ilikuwa na wanafunzi 89. Kila mwaka wa masomo ulikuwa na darasa moja tu. Mkoa wa Shimane, kama mikoa mingine, uliweka kiwango cha chini cha wanafunzi wapya ili skuli iendelee kuwapo, nacho kilikuwa ni 21 kwa mwaka. Kwa mwenye kujua hesabu ya watoto waliokuwa wakizaliwa visiwani, haikuhitajika elimu kubwa kuona kwamba baada ya miaka michache idadi ingeshuka chini ya kiwango hicho, na skuli ingeunganishwa na nyingine iliyoko ng'ambo ya maji.

Mtu akiitazama hesabu hiyo juu juu atasema sababu ni moja: watoto hawazaliwi. Hilo ni kweli, tena ni la Japani nzima. Mwaka 1992 nchi hiyo ilikuwa na vijana wa umri wa miaka 18 wapatao milioni 2. Baada ya miaka 30 walikuwa takriban milioni 1.1. Lakini waliokaa wakazichambua takwimu za Dozen waligundua sababu ya pili iliyofichika ndani ya ile ya kwanza. Si watoto wote waliomaliza sekondari ya chini visiwani walioingia skuli ya kwao. Sehemu kubwa yao walivuka bahari wakiwa na miaka 15 kwenda kusoma bara. Wazazi waliona skuli kubwa zina masomo mengi, michezo mingi na matumaini makubwa zaidi ya kufika chuo kikuu. Kwa hivyo skuli ilipungukiwa na waliozaliwa, na ikapungukiwa tena na waliokuwapo.

Hapa pana mzunguko ambao kila ofisa wa elimu anapaswa kuufahamu. Idadi ya walimu katika skuli za umma za Japani hupangwa kwa sheria, kwa kufuata idadi ya wanafunzi na madarasa. Wanafunzi wakipungua, walimu hupunguzwa. Walimu wakipunguzwa, skuli haiwezi tena kuwa na mwalimu wa kila fani, na masomo yasomwayo na wachache, kama vile fizikia, huwa ya kwanza kukosa mwenyewe. Mzazi mwenye mtoto atakaye kuwa mhandisi akiona hayo, humpeleka bara. Akimpeleka, idadi hushuka tena, na mwaka ufuatao mwalimu mwingine huondolewa. Hakuna hata mmoja katika mzunguko huu aliyefanya kosa: mkoa umefuata sheria, mzazi amemtakia mwanawe mema, na mtoto ametafuta elimu. Pamoja na hayo skuli inakufa.

Na ikifa skuli, kinachokufa si majengo peke yake. Mtoto wa miaka 15 akiondoka, mzazi hubeba gharama za chumba, chakula na nauli kwa miaka mitatu. Mwenye watoto watatu huanza kupiga hesabu, na mara nyingi jawabu huwa ni familia nzima kuhama. Wakihama wao, wanaondoka pia wadogo waliokuwa skuli ya msingi, na duka linapoteza wateja, na chama cha wavuvi kinapoteza mtu wa makamo mwenye nguvu za kuvuta wavu. Wala wanandoa vijana hawatakwenda kuanza maisha mahali ambapo wanajua kwamba watoto wao watalazimika kuwaacha wakiwa na miaka 15. Kwa hiyo fomu ile ya wanafunzi, ikisomwa vizuri, ilikuwa ikitabiri umri wa kisiwa chenyewe.

Mji wa Ama wakati huo ulikuwa na shida nyingine. Miaka mingi ya kujenga barabara na bandari kwa fedha za mkopo iliuacha na deni kubwa, na baadhi ya watu walikwisha kuuhesabu kuwa umefilisika. Mwaka 2002 wananchi walimchagua Yamauchi Michio kuwa meya. Serikali kuu ilikuwa ikihimiza miji midogo iungane. Ama ukakataa kuungana na wengine, ukaamua kubana matumizi. Meya alianza na mshahara wake mwenyewe, ambao mwaka 2005 ulikatwa nusu, na watumishi wa mji nao wakajitolea kukatwa mishahara yao. Sehemu ya fedha zilizopatikana ilielekezwa katika kuwasaidia wazazi wenye watoto wadogo. Mwaka huo huo mji ulinunua mitambo ya kugandisha samaki na chaza bila kuharibu ladha yake, ili mazao ya bahari yauzwe miji mikubwa kwa bei nzuri. Yote haya yalifanywa kabla ya suala la skuli kushughulikiwa, na bila ya hayo lisingewezekana, kwa kuwa mtumishi aliyekwisha kujinyima huaminiwa anapowaomba wananchi wajinyime.

Ugumu ulikuwa huu: skuli ilikuwa ya mkoa, na mji haukuwa na amri juu yake. Meya hakuweza kumwagiza mwalimu mkuu, wala baraza la mji halikuweza kubadili mtaala. Walimu wenyewe walikuwa watumishi wa mkoa, wengi wao wametoka bara, nao huhamishwa baada ya miaka michache. Ni rahisi kufahamu kwa nini ushirikiano haukuja kwa siku moja. Mwaka 2008 miji ya Ama na Nishinoshima na kijiji cha Chibu waliunda chombo kimoja pamoja na skuli, ili wazungumze juu ya kuifanya skuli iwe ya kuvutia. Neno lenyewe walilolichagua lafaa kuangaliwa. Kwa muda mrefu wenyeji walikuwa wakisema juu ya kuiokoa skuli isifungwe. Sasa wakajiuliza swali jingine: ni skuli ya namna gani ambayo mtoto angetaka kuisoma, na mzazi angetaka kumpeleka mwanawe? Mtoto hakubali kukaa mahali ili takwimu zipendeze. Hukaa mahali panapomfaa.

Hatua zilizochukuliwa zaweza kuhesabiwa. Ya kwanza ilikuwa ni kukiingiza kisiwa katika masomo. Wanafunzi walianza kuyachunguza mambo ya visiwa vyao, yaani uvuvi, uzee, biashara na utalii, na kutafuta namna ya kuyatengeneza. Mwaka 2009 kundi la wanafunzi wa skuli hiyo lilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya kitaifa ya skuli za sekondari juu ya mipango ya utalii. Mpango wao haukuwa wa kuwaonyesha wageni mandhari, bali wa kuwakutanisha na watu wa kisiwa.

Hatua ya pili ilikuwa ni kufungua, mwaka 2010, kituo cha masomo cha umma nje ya skuli. Katika miji mikubwa ya Japani, wazazi hulipia masomo ya ziada ya jioni, kisiwani hayakuwapo. Miji ikaanzisha kituo chake, kikafanya kazi pamoja na walimu wa skuli, ili mtoto wa mvuvi asiseme kwamba amekosa chuo kikuu kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyojulikana zaidi. Mwaka huo huo wa 2010 skuli ilianza kuwakaribisha watoto kutoka sehemu nyingine za Japani waje kusoma kisiwani kwa miaka mitatu, wakikaa dakhalia. Miji ilisaidia sehemu ya gharama za maisha na za safari. Kila mtoto mgeni hupewa mlezi miongoni mwa wenyeji, ambaye huitwa mzazi wa kisiwani. Humwalika nyumbani kwake, humpeleka shambani au baharini, na humjulia hali.

Wapo waliohoji jambo hili, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Kwa nini kodi ya wavuvi isomeshe watoto wa Tokyo, ambao wakimaliza watarudi kwao? Je, hawatakuja watoto walioshindikana kwingine? Na mtoto wa kisiwani hatakuwa mgeni katika skuli yake mwenyewe? Jawabu lililotolewa lilitoka katika zile zile takwimu. Watoto wa Dozen walikuwa wakianza pamoja tangu skuli ya watoto wachanga na kufuatana darasa moja mpaka wafikie miaka 18. Kila mmoja alijulikana na wenzake: huyu ndiye wa kwanza, yule ndiye mchekeshaji, na yule ni mzito. Sifa alizopewa mtoto akiwa na miaka mitano alidumu nazo mpaka akawa kijana. Skuli ndogo ina joto la udugu, lakini pia ina ukuta. Watoto wageni, kwa kuuliza maswali ambayo mwenyeji hakuwahi kuyauliza, waliuvunja ukuta huo. Na wenyeji, kwa kujua kuvua na kulima na kuishi na wazee, waliwafundisha wageni mambo yasiyopatikana mjini. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Matokeo yalionekana katika fomu ile ile iliyokuwa ikitia huzuni. Mwaka 2012 skuli ilirudi kuwa na madarasa mawili kwa wanafunzi wapya, jambo lisilo la kawaida kwa skuli ya kisiwani nchini humo wakati kwingine madarasa yalikuwa yakifungwa. Katika miaka michache jumla ya wanafunzi ilivuka 180, yaani zaidi ya mara mbili ya wale 89 wa mwaka 2008. Takriban nusu yao walikuwa wametoka nje ya visiwa. Na lililo muhimu zaidi ni kwamba hata watoto wa visiwani walioingia skuli ya kwao waliongezeka kwa uwiano, kwani mzazi wa kisiwani aliona kwamba watu wanatoka mbali kuja kukitafuta kile alichokuwa akikikimbia. Walimu nao wakaongezwa kwa mujibu wa sheria ile ile iliyokuwa ikiwapunguza. Kuanzia mwaka 2011 mkoa wa Shimane uliueneza mwendo huu katika skuli zake nyingine za visiwani na milimani, na baadaye mikoa mingine ikafuata.

Hata hivyo haifai kusemwa kwamba tatizo limekwisha. Idadi ya watu wa Ama imedumu karibu na 2,300, ambayo ni bora kuliko ilivyokuwa ikihofiwa, lakini watoto wanaozaliwa bado ni wachache. Skuli inayotegemea wageni kwa nusu ya wanafunzi wake itadumu maadamu wageni wanaendelea kuja, na sasa skuli nyingi za Japani zinawaita watoto wale wale. Tena wengi wa wanaohitimu, wageni na wenyeji, huondoka kwenda vyuo vikuu, kwa kuwa kisiwani hakuna chuo. Wapo wanaorudi, na wapo wasiorudi. Viongozi wa huko hawakuahidi zaidi ya hayo. Mwaka 2011 mji wa Ama ulijichagulia kaulimbiu yenye maana mbili kwa lugha yao: kisichokuwapo hakipo, na pia, hakuna kinachokosekana. Mwenye kuishi kisiwani ataifahamu kaulimbiu hiyo bila ya kufasiriwa.

Ndugu wananchi, hali ya visiwa vyetu si hiyo. Hapa, kwa miaka mingi, taabu imekuwa ni uchache wa madarasa na si uchache wa watoto. Mikondo miwili ya asubuhi na mchana inajulikana na kila mzazi. Asije mtu akasema kwamba dawa ya Oki ndiyo dawa ya Unguja na Pemba. Lakini mkaazi wa Tumbatu, wa Kojani, wa Fundo au wa Kisiwa Panza anajua maana ya maji kuwa baina ya nyumba na mahitaji. Kwa mambo matatu, kisa cha skuli ile kinamhusu kila mtumishi.

Kwanza, idadi haitoshi bila ya maelezo yake. Mwalimu mkuu akiandika kwamba wanafunzi wamepungua kumi, ni wajibu wa anayepokea kuuliza: hawakuzaliwa, wamehama, wameacha, au wamekwenda skuli nyingine? Kila jawabu lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine. Lau watu wa Dozen wangelitosheka na jawabu la kwanza, wangelikaa wakingojea watoto wazaliwe.

Pili, skuli ndogo isipimwe kwa gharama ya kila mwanafunzi peke yake. Ni kweli kwamba kumsomesha mtoto mmoja katika skuli ya watoto themanini ni ghali kuliko katika skuli ya elfu. Lakini katika mizani hiyo ziwekwe pia gharama za familia zitakazohama, na za kijiji kitakachobaki na wazee. Huenda baada ya kupima yote, bado ikaonekana ni bora kuunganisha. Yapo mahali ambapo ndivyo inavyopasa. Basi na iwe baada ya kupima.

Tatu, mipaka ya madaraka isiwe kisingizio. Skuli ile ilikuwa ya mkoa, watoto walikuwa wa miji, walimu walitoka bara, na bahari ilikuwa ya wote. Kila ofisi ingeliweza kusema kwamba jambo hilo si lake, na kwa karatasi ingelikuwa kweli. Walipokaa meza moja ndipo lilipopata mwenyewe.

Fomu za skuli zitaendelea kujazwa kila mwaka, na nyingi zitapita bila ya kutazamwa mara ya pili. Mtumishi apokeaye fomu ya skuli kubwa anapokea hesabu. Apokeaye fomu ya skuli ndogo ya kisiwani anapokea majina, maana watoto wenyewe ni wachache kiasi cha kujulikana mmoja mmoja. Na aisome hivyo.